Ibn al-Haytham: Mwanachuoni aliyelishitaki jicho lake

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, vijana wetu huanza kuhangaika na maombi ya vyuo. Mimi nasomesha Maarifa ya Uislamu katika shule ya sekondari, na kwa kuwa nimepita chuo kikuu, vijana hao pamoja na wazazi wao huniuliza kozi ipi inafaa. Anayetaka udaktari, uhandisi au sheria hana tabu, mzee wake hutabasamu tu. Lakini siku kijana anaposema anataka kusoma saikolojia kwa shahada ya kwanza, na hasa akiwa ni binti, nyuso hubadilika. Mzazi mmoja atauliza kama hiyo ni kazi ya kushinda na vichaa. Mwingine atasema hiyo ni elimu ya Freud, mtu asiyemwamini Mungu, na kwamba mtoto atarudi likizo akiwa haswali. Wa tatu atauliza mshahara.

Vijana wenyewe nao hawajui vizuri wanakokwenda. Wengi hudhani watafundishwa kusoma mawazo ya watu au kusuluhisha wanandoa. Wakifika wanakutana na takwimu, mbinu za utafiti, kazi za ubongo na jicho, kumbukumbu, makuzi ya mtoto. Na siku hizi katika vyuo vingi duniani somo hili limeshikana na sayansi ya utambuzi na sayansi ya data, kiasi kwamba mwanafunzi anakaa mbele ya kompyuta akichambua maelfu ya majibu ya watu asiowajua. Kitabu cha kwanza atakachopewa kitamwambia kuwa fani yake ilizaliwa mwaka 1879 mjini Leipzig, Ujerumani, pale Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake. Hilo la maabara ni kweli na sina ugomvi nalo. Lakini baadhi ya maswali yaliyoingizwa katika maabara ile yalikuwa na umri wa karne nyingi, na mmoja wa walioyauliza kwa ustadi mkubwa alikuwa Muislamu wa Iraq aliyemaliza maisha yake Misri. Kijana akimjua mtu huyu kabla ya kufika chuoni, naamini ataingia kwa mguu wa kulia.

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham. Alizaliwa Basra, kusini mwa Iraq, karibu mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Wazungu wa zama za kati walimwita Alhazen, na kuna shimo mwezini lenye jina hilo. Wairaqi waliiweka sura yake, kwa jinsi mchoraji alivyoikisia, katika noti ya dinari 10,000 iliyotolewa mwaka 2003.

Basra wakati ule ilikuwa bandari kubwa ya Bahari ya Hindi, na sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tuna habari nayo, nzuri na mbaya. Biashara ya bahari ile iliyaunganisha maji yake na yetu, na katika mabwawa ya chumvi ya eneo lile walitumikishwa watumwa wengi kutoka Afrika, ambao waliingia katika uasi mkubwa wa Zanji kuanzia mwaka 869 hadi 883. Zaidi ya miaka 80 baada ya uasi huo kuzimwa ndipo alipozaliwa Ibn al-Haytham. Ulikuwa pia mji wa mijadala. Mu'tazila walianzia hapo, na Ikhwan as-Safa waliandika risala zao hapo. Kila kundi lilikuwa na msikiti wake, mwalimu wake na hakika yake. Yapo maelezo ya maisha yaliyonasibishwa na Ibn al-Haytham mwenyewe, ingawa baadhi ya watafiti wanasema ni ya mtu mwingine mwenye jina linalokaribiana na lake, ambamo mwandishi anaeleza kuwa tangu ujana alishangazwa na jinsi watu walivyotofautiana katika itikadi huku kila mmoja akiwa na uhakika kamili, naye akaamini kuwa haki ni moja na kwamba khitilafu imetokana na njia za kuifikia. Ikiwa ni yake au si yake, maneno hayo yanafanana sana na kazi aliyokuja kuifanya.

Sasa nifike kwenye kisa kinachomfanya akumbukwe hata na wasiojua lolote kuhusu mwanga. Misri ilikuwa chini ya mtawala wa Kifatimi, al-Hakim, aliyetawala kuanzia mwaka 996 hadi 1021, mtu aliyependa elimu na aliyeogopwa kwa hasira zake. Mwanahistoria Ibn al-Qifti, aliyefariki mwaka 1248, amesimulia kuwa al-Hakim alipata habari kwamba huko Iraq yuko mtu anayedai kuwa angekuwa Misri angeweza kuudhibiti Mto Nile, unufaishe ukiwa umejaa na ukiwa umepungua. Akamwita, akampokea kwa heshima, akampa mafundi, naye akasafiri kwenda kusini hadi maporomoko ya Aswan. (Maji yale, kwa sehemu, ni haya haya yanayotoka katika Ziwa Victoria letu.)

Njiani aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, yalivyopimwa na kuchongwa kwa hesabu isiyokosea. Akajiuliza: watu walioweza haya, kama mto huu ungewezekana kufungwa kwa namna ninayoifikiria, wangeacha kuufunga? Alipofika kwenye maporomoko na kuyakagua, akaona mpango wake hautekelezeki. Akarudi Cairo akamwambia mtawala ukweli kuwa ameshindwa. Bwawa kubwa la Aswan lilikuja kukamilika mwaka 1970, kwa mitambo ambayo yeye asingeweza hata kuiota.

Al-Hakim alimkubalia udhuru wake kwa maneno, akampa kazi katika ofisi za serikali. Lakini Ibn al-Haytham alijua anamtumikia nani. Akajifanya mwendawazimu, na akaaminiwa. Mali yake ikawekwa chini ya uangalizi, akafungiwa nyumbani kwake na watu wa kumhudumia, na hali hiyo ikaendelea hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Habari ya kifo cha mtawala ilipothibiti, wazimu ukaisha siku ile ile.

Sisi tunaosomesha dini tumezoea kuuliza isnadi, na isnadi ya kisa hiki ina pengo: baina ya msimulizi na tukio kuna karne mbili. Zaidi ya hapo, Ibn Abi Usaybi'a, mwanahistoria wa matabibu, ana riwaya nyingine inayosema kuwa wazimu huo wa kujifanya ulikuwa Basra, ili aachiliwe kazi ya serikali apate nafasi ya kusoma. Kwa hiyo nakisimulia kama kilivyosimuliwa. Wanachokubaliana wote wawili ni kuwa mtu huyu aliona afadhali ahesabiwe hana akili kuliko kuipoteza akili yake katika kazi asiyoitaka.

Kisa hicho kina uchungu wake pia. Aliyeonekana ni mwendawazimu katika Cairo ya wakati ule alifungiwa, lakini alihifadhiwa na kuhudumiwa, na sharia haikumhesabia makosa. Sisi tuna ndugu zetu wagonjwa wa akili wanaofungwa kamba vyumbani na kupigwa eti jini atoke, na mtu wa kukaa nao na kuwasikiliza hayupo. Ruqya ni haki na mimi siikatai. Lakini mwanamke wa Kiislamu aliyezaa akaingiwa na huzuni isiyoisha, anayetaka kuzungumza na mtaalamu mwanamke mwenzake anayeijua dini yake, atampata wapi ikiwa kila binti anayetaka kusomea jambo hilo tunamgeuza njia mlangoni?

Nirudi kwa mzee wetu. Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, chenye makala saba, kinahesabiwa kuwa aliandika katika miaka ya 1011 hadi 1021 hivi au baada yake kidogo. Dunia iliadhimisha miaka 1000 ya kitabu hicho mwaka 2015, katika Mwaka wa Kimataifa wa Mwanga chini ya UNESCO. Watu wakikitaja husema ni kitabu cha mwanga, na ni kweli. Kabla yake wafuasi wa Euclid na Ptolemy walishikilia kuwa jicho hutoa miali inayokwenda kuvigusa vitu. Wafuasi wa Aristotle walisema kuna kitu kinachoingia jichoni, wasieleze vizuri ni vipi. Ibn al-Haytham akaanza na mambo ambayo kila mtu anayaweza. Tazama jua, jicho linauma. Tazama dirisha lenye mwanga mkali kisha fumba macho, sura ya dirisha inabaki. Basi mwanga ndio unaoingia na kuathiri. Akaweka taa kadhaa mahali mbalimbali mbele ya tundu la chumba chenye giza, akaona madoa ya mwanga ukutani, kila doa kwa taa yake. Akaifunika taa moja, doa lake peke yake likatoweka. Akaifunua, likarudi mahali pale pale.

Hapa nawaomba wanafunzi wa dini wasogee karibu. Neno alilolitumia kwa majaribio haya ni i'tibar. Ni neno hilo hilo wanazuoni wa usuli wanalolitolea hoja katika Suratul Hashr wanapothibitisha qiyas. Na alipofika kueleza jinsi mtu anavyotambua anachokiona, akatumia maneno qiyas na tamyiz, na akazungumzia nguvu ya kupambanua iliyomo ndani ya mtu. Kijana wetu aliyesoma fiqhi anamjua mtoto mumayyiz ni yupi. Anayemsoma Ibn al-Haytham anakuta msamiati wa madrasa yake umetumika kufungua mlango wa elimu ya utambuzi.

Mlango wenyewe uko katika makala ya pili. Jicho peke yake, anasema, hupokea mwanga na rangi tu. Umbali, ukubwa, umbo, mwendo, ulaini, uzuri, kufanana kwa kitu na kitu, yote hayo, na amehesabu sifa 22 kwa jumla, hayakamiliki mpaka akili ifanye kazi. Nayo hufanya kazi kwa kulinganisha, kukumbuka na kukata shauri, haraka mno kiasi kwamba mwenyewe hajui kuwa amekata shauri. Anadhani ameona tu.

Mifano yake ni ya watu wa kawaida. Mtoto mdogo ukimpa matunda mawili ya aina moja, moja zuri na moja baya, atachukua zuri. Amelinganisha, amehukumu, amechagua, na wala hajui kuwa kuna kitu kinachoitwa kulinganisha. Mtu anayejua kusoma akiliona neno alilolizoea hulitambua mara moja bila kupitia herufi moja moja, kwa sababu sura ya neno zima imeshakaa ndani yake. Mgeni wa maandishi yale atahangaika. Pia anataja pia yenye rangi mbalimbali. Ikizunguka kwa kasi rangi zake huonekana rangi moja isiyo mojawapo ya zile, na hapo akatoa hoja kuwa hata kuiona rangi kunahitaji muda, uwe mfupi namna gani.

Mwanafunzi wa saikolojia atakutana na fikra hii ya hukumu isiyojitambua katika somo la utambuzi, na ataambiwa aliyeieleza ni Mjerumani Hermann von Helmholtz katika karne ya 19. Helmholtz alikuwa bingwa na alistahiki sifa zake. Mwalimu mwadilifu ataongeza kuwa ilikwishaelezwa Cairo miaka 800 na zaidi kabla yake.

Kisha kuna suala la mwezi. Kila mtu amewahi kuuona mwezi mpevu unapochomoza, mkubwa kama sinia, na saa chache baadaye ukiwa juu umekuwa kama kisahani. Wa kale wengi waliulaumu mvuke wa angani. Ibn al-Haytham akasema mvuke unaweza kuwa na mchango, lakini sababu kubwa imo ndani ya mtazamaji: mwezi ukiwa karibu na ardhi, akili inaupa umbali mkubwa zaidi kwa kuwa kuna miti, nyumba na milima katikati, na kitu kinachodhaniwa kiko mbali hupewa ukubwa zaidi. Ukitaka kuhakikisha, nyoosha mkono na ushike punje ya choroko mbele ya jicho moja. Utaona inakaribia kuufunika mwezi wote unapochomoza, na ukiwa juu itaufunika kiasi kile kile. Maelezo ya jambo hili yanajadiliwa mpaka leo katika idara za saikolojia, lakini kwamba ukubwa ule uko katika utambuzi hakuna anayebishana nalo.

Na nikishataja mwezi, msomaji ameshajua ninakoelekea. Kila Ramadhani inapoingia na kila Shawwal inapokaribia tunagombana. Mimi si mufti na sitoi hapa rai ya mwezi wa kitaifa wala wa kimataifa. Ninachosema ni kuwa katika ugomvi wetu tunajua jibu moja tu kwa shahidi: ama ni mkweli au ni mwongo. Ibn al-Haytham ana la tatu. Katika makala nzima ya makosa ya macho ameeleza masharti manane ambayo yakitoka katika kiasi chake, jicho zima la mtu mwaminifu hukosea: umbali wa kitu, mkao wake, mwanga wake, ukubwa wake, ugumu wake usiopenywa na mwanga, uwazi wa hewa, muda wa kutazama, na afya ya jicho. Mwezi mwandamo ni mwembamba, uko mbali, katika mwanga hafifu wa magharibi, hewa ina vumbi au mawingu, na muda ni dakika chache. Unaweza kusema karibu masharti yote yamekusanyika kumjaribu mtu huyo mmoja aliyesimama ufukweni huku mji mzima unamsubiri.

Na masalafi hawakuwa wajinga wa jambo hili. Basra hiyo hiyo, zaidi ya karne mbili kabla ya Ibn al-Haytham kuzaliwa, inasimuliwa kuwa watu walitoka kuutafuta mwezi wakiwa na sahaba Anas ibn Malik (RA), akiwa mzee sana. Akasema ameuona, akawa anaonyesha, wengine hawaoni kitu. Iyas ibn Mu'awiya, aliyekuja kuwa kadhi maarufu wa mji huo, akamtazama akaona unywele mweupe wa nyusi umejipinda mbele ya jicho lake. Akaulainisha kwa adabu, akaziweka sawa nyusi za mzee, kisha akamwomba atazame tena. Anas akasema hauoni. Hakuna aliyemtuhumu sahaba wa Mtume (SAW) kwa uongo, na hakuna aliyefunga wala kufungua kwa unywele.

Elimu ya shahidi, yaani nini kinamfanya mtu mkweli aone kisichokuwepo, akumbuke kisichotokea, au abadilishe kumbukumbu yake kwa kusikia wenzake, ni sehemu ya saikolojia inayosomeshwa leo shahada ya kwanza, pamoja na hesabu za kupima makosa hayo. Kadhi, polisi, mwalimu na wajumbe wa kamati ya mwezi wanaihitaji. Nashangaa tunapoiita elimu ya makafiri.

Pamoja na hayo, sitaki kuingia katika mtindo wetu wa kujigamba kwamba kila kitu tulikigundua sisi, Wazungu wakatuibia. Ibn al-Haytham mwenyewe angekuwa wa kwanza kutukemea. Alidhani sehemu inayohisi mwanga ni ile lenzi ya ndani ya jicho, akakosea. Aliyeeleza kuwa picha hujichora nyuma ya jicho, tena juu chini, ni Johannes Kepler mwaka 1604, akijenga juu ya kazi yake. Hakuwa na takwimu. Hakukusanya majibu ya watu mia akayapanga katika majedwali, kama anavyotakiwa kufanya mwanafunzi wa mwaka wa pili. Aliyoyafanya yanatosha, hayahitaji nyongeza.

Kubwa katika hayo, kwa maoni yangu, ni kitabu chake kingine, al-Shukuk ala Batlamyus, alichokiandika kuyahoji maandiko ya Ptolemy, mtu ambaye ulimwengu ulimwamini katika falaki kwa zaidi ya miaka 800. Katika utangulizi wake ameweka sharti zito kwa anayetafuta haki. Asiwaamini wa kale kwa ukubwa wa majina yao, ageuke kuwa hasimu wa kila anachokisoma, na akishamaliza ajituhumu pia nafsi yake mwenyewe, asije akaonea wala akapendelea. Sharti la mwisho ndilo gumu. Mzazi anayeogopa kuwa mtoto atafundishwa shaka anapaswa kutofautisha: shaka juu ya Muumba ni jambo moja, na shaka juu ya jicho langu na hesabu yangu ni jambo lingine, na la pili ni sehemu ya uadilifu.

Saikolojia ya leo imelijua hilo kwa maumivu. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitangaza matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizokwisha kuchapishwa katika majarida yanayoheshimika. Katika tafiti za awali asilimia 97 zilidai kupata matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizofikia kiwango hicho. Na kwa kuwa tumezungumza juu ya mtu aliyejifanya mwendawazimu: mwaka 1973 David Rosenhan wa Marekani alichapisha utafiti akieleza jinsi watu wazima wa akili walivyojifanya wanasikia sauti wakalazwa hospitalini, wakaendelea kuhesabiwa wagonjwa hata walipoacha kujifanya. Ukasomeshwa kwa miaka mingi kama hoja isiyopingika. Mwaka 2019 mwandishi Susannah Cahalan alitoa kitabu kilichofuatilia kumbukumbu za utafiti ule, akaonyesha sababu nzito za kutilia shaka ukweli wa data zake. Wengine watachukua habari hizi kuwa ni dalili kwamba fani yote ni upuuzi. Mimi naziona kinyume. Watu wa fani wameitazama kazi yao wenyewe wakaisahihisha hadharani, na wanafunzi wa sasa wanafundishwa kuweka data zao wazi ili mwingine azihakiki. Wanahadithi wetu wangeielewa kazi hiyo vizuri sana, maana waliifanya.

Baada ya mwaka 1021 Ibn al-Haytham hakurudi kutafuta cheo. Inasimuliwa kuwa aliishi katika chumba chenye kuba jirani na mlango wa msikiti wa al-Azhar, akisoma, akiandika na kusomesha. Chakula chake alikipata kwa mkono wake. Kila mwaka alinakili kitabu cha Euclid, Almagest ya Ptolemy na vitabu vya hesabu vinavyosomwa baina yake, kwa hati yake iliyojulikana kwa usahihi, na mnunuzi alimlipa dinari 150 za Misri, bei isiyo na majadiliano. Hizo zikawa riziki yake ya mwaka. Angalia ajabu yake: aliyemhoji Ptolemy kuliko wote ndiye aliyekuwa akimnakili kwa uaminifu bila kumwongezea neno. Vitabu na risala zake mwenyewe zilizoorodheshwa zinapita 90, na mojawapo ni ya kukokotoa mwelekeo wa qibla. Alifariki Cairo karibu mwaka 430 Hijria, sawa na 1040 Miladia. Allah amrehemu.

Kitab al-Manazir hakikupata wasomaji wengi Mashariki mara moja. Mpaka Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki karibu mwaka 1319, alipokisherehesha akakifufua na kwa msaada wake akaeleza rangi za upinde wa mvua. Huku Ulaya kilikuwa kimeshatafsiriwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa mjini Basel. Kiarabu chake kilisubiri zaidi. Ni mwaka 1983 ambapo Mmisri Abdelhamid Sabra alitoa makala tatu za mwanzo huko Kuwait, na tafsiri yake ya Kiingereza ikafuata mwaka 1989. Kijana wetu aliyepata Kiarabu cha kutosha madrasa anaweza kuzisoma kwa lugha ya mwandishi, jambo ambalo wengi wa wenzake darasani hawataliweza.

Sabra alitegemea maandiko ya mkono yaliyohifadhiwa Istanbul. Kongwe katika hayo lilinakiliwa Basra mwaka 476 Hijria, miaka 46 hivi baada ya kifo cha mwandishi. Aliyeshika kalamu alikuwa mkwewe, Ahmad ibn Muhammad al-Askari, mume wa binti yake.